Shemasi Aliyehesabu Nyota za Kusini

Katika nchi ya Songea, wakati wa kiangazi, mvua zikiwa zimekoma na mbingu zikiwa safi, mtu akiamka saa kumi ya usiku katika mwezi wa Septemba, mwezi ukiwa haupo, akasimama Peramiho mbali na taa na kuelekeza uso wake kusini, ataona vitu viwili vyeupe mfano wa moshi. Kimoja ni kikubwa, cha pili ni kidogo. Si mawingu ya mvua, maana upepo ukivuma haviondoki, na usiku wa pili vitaonekana kati ya nyota zile zile. Mabaharia wa Ulaya waliviita Mawingu ya Magellan, kwa jina la nahodha Mreno ambaye merikebu zake zilianza safari ya kuizunguka dunia mwaka 1519.

Watu wa kusini wameyaona mawingu hayo tangu kale. Lakini mtu wa kwanza kuandika kwa taratibu orodha ya ukungu na vishada vya nyota vya mbingu za kusini alikuwa shemasi wa Kanisa Katoliki, Mfaransa asiye na mali, naye aliifanya kazi hiyo katika bara la Afrika. Jina lake ni Nicolas-Louis de Lacaille.

Alizaliwa mwezi wa Machi mwaka 1713 katika kijiji cha Rumigny, upande wa kaskazini-mashariki wa Ufaransa. Baba yake alikuwa mtu mwenye kupenda ufundi na vyombo, naye alimpeleka mwanawe shule. Kijana alipoonekana kuwa na akili na utulivu, alipelekwa Paris ili asome elimu ya juu, na jamaa zake walitumaini kwamba atakuwa padre. Lakini akiwa bado mwanafunzi, baba yake alifariki, asimwachie kitu cha kumtunza. Kama mkuu mmoja, Duke wa Bourbon, aliyemjua marehemu baba yake, asingalimsaidia kwa gharama, masomo yake yangalikoma siku hiyo.

Nicolas-Louis alisoma teolojia, akapewa daraja la ushemasi. Hakuendelea hata upadre, bali watu walimwita Abbé, kama Wafaransa walivyozoea kuwaita watu wa Kanisa, naye alilichukua jina hilo hata kufa kwake. Katika miaka ile ya masomo alikuwa amependa sana hesabu na elimu ya nyota. Hakuwa na mwalimu wa kumfundisha mambo hayo, wala hakuwa na darubini, wala fedha ya kununulia vitabu vingi. Alijifunza peke yake, neno kwa neno, mpaka wataalamu wa Paris walipopata habari zake wakashangaa kuona kijana amefika mbali hivyo pasipo kuongozwa.

Mmoja wa wataalamu hao alikuwa Jacques Cassini, mkuu wa nyumba ya kutazamia nyota ya Paris. Cassini alimpokea, akampa mahali pa kukaa na kazi ya kufanya. Hapo Lacaille alikutana na jaribu gumu. Siku zile wataalamu walishindana juu ya umbo la dunia. Newton, Mwingereza, alikuwa amefundisha kwamba dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake, kama chungwa. Cassini alishika kinyume: yeye na baba yake walikuwa wameipima nchi ya Ufaransa toka kaskazini hata kusini, na kwa vipimo vyao dunia ilionekana kuwa imerefuka kwenye ncha, kama limau. Katika miaka ya 1739 na 1740 Lacaille alitumwa kuipima nchi hiyo upya, pamoja na mtoto wa Cassini. Wakapima kwa uangalifu mwingi, na vipimo vikaonyesha kwamba yule aliyempa Lacaille chakula na malazi alikuwa amekosea. Si jambo jepesi kumpinga mtu aliyekutendea mema. Lakini Lacaille hakuificha hesabu wala hakuipindisha, na mtoto wa Cassini naye akaikubali. Hivyo ikajulikana hata Ufaransa kwamba Newton alisema kweli.

Mwaka 1739 Lacaille alifanywa mwalimu wa hesabu katika chuo cha Mazarin mjini Paris, na mwaka 1741 akaingizwa katika Akademia ya Sayansi. Aliandika vitabu vya kufundishia vilivyosomwa katika nchi nyingi, na miongoni mwa wanafunzi wake wa baadaye alikuwamo Lavoisier, aliyekuja kuwa mashuhuri kwa elimu ya kemia. Angaliweza kukaa chuoni kwa raha siku zote za maisha yake. Lakini moyoni alikuwa na fikira moja isiyomwacha.

Mtu akaaye Peramiho hawezi kuiona kamwe ile Nyota ya Kaskazini inayowaongoza mabaharia wa Ulaya, maana dunia yenyewe inaiziba. Kadhalika mtu akaaye Paris hawezi kuziona nyota zilizo karibu na ncha ya kusini. Kwa hiyo ramani za mbingu za siku zile zilikuwa nzuri upande mmoja, na upande wa pili zilikuwa na mapengo. Mwingereza Halley alikuwa amekwenda kisiwa cha Mtakatifu Helena mwaka 1677, akapima nyota mia tatu na zaidi. Nyingine nyingi zilikuwa hazijahesabiwa. Lacaille akaiomba Akademia imtume kusini, na ombi lake likakubaliwa.

Mwishoni mwa mwaka 1750 alipanda merikebu, akapitia Rio de Janeiro katika nchi ya Brazili, na mwezi wa Aprili 1751 akafika Rasi ya Tumaini Jema, mwisho wa bara la Afrika upande wa kusini. Mji wa Rasi ulikuwa chini ya Kampuni ya Waholanzi, na wengi wa watu waliofanya kazi ndani yake walikuwa watumwa waliotolewa nchi za mbali. Mtawala wa mji, Ryk Tulbagh, alimpokea mgeni kwa heshima. Akapata makao katika nyumba ya Jan Lourens Bestbier, na uani mwa nyumba hiyo akajengewa chumba imara cha kuwekea vyombo vyake.

Mtu akisikia habari za kazi yake atadhani kwamba alikuwa na darubini kubwa. Sivyo. Darubini aliyoitumia kuhesabia nyota ilikuwa na kioo cha mbele chenye upana wa nusu inchi tu, kama ukucha wa kidole gumba, nayo ilikuza vitu mara nane. Alikifunga chombo hicho imara, kisicheze, kikielekea sehemu moja ya mbingu. Kisha akangoja. Dunia inapozunguka, nyota huonekana kama zinapita mbele ya darubini moja baada ya moja, kama watu wapitao mbele ya mlango ulio wazi. Kila nyota ilipoingia, Lacaille aliandika saa, dakika na sekunde; ilipotoka, akaandika tena. Kwa nyakati hizo mbili aliweza kujua mahali pake mbinguni. Usiku uliofuata akakiinua chombo kidogo, akaanza mstari mwingine.

Kazi hiyo aliifanya kwa muda wa karibu mwaka mmoja, toka 1751 hata 1752. Nyakati nyingine alikaa saa nane mfululizo jicho likiwa kwenye kioo, na nyakati nyingine usiku kucha. Rasi ile ina upepo mkali wa kusini-mashariki, nao ulimtaabisha sana: mbingu zilipokuwa safi ndipo upepo ulipovuma, na nyota zikacheza na kuvimba katika kioo hata zikafanana na nyota zenye mikia. Hata hivyo hakuacha. Kazi ilipokwisha alikuwa ameandika mahali pa nyota karibu 10,000. Kabla yake hapakuwa na mtu hata mmoja, kaskazini wala kusini, aliyekuwa amepima nyota nyingi kiasi hicho.

Kati ya nyota hizo aliona vitu vingine visivyokuwa nyota wazi. Vilikuwa madoa ya weupe, kama pumzi ya mtu juu ya kioo. Akaandika orodha ya vitu 42 vya namna hiyo, akavigawanya katika aina tatu, kila aina vitu 14. Aina ya kwanza ni ukungu usio na nyota ndani yake. Aina ya pili ni vishada vya nyota zilizosongamana hata macho matupu huona ukungu tu. Aina ya tatu ni nyota zilizozungukwa na ukungu. Orodha hiyo ilichapwa katika kitabu cha Akademia cha mwaka 1755.

Kitu cha pili katika aina ya kwanza kimo ndani ya lile wingu kubwa la Magellan. Lacaille alikiona kama kiini hafifu cha nyota ndogo yenye mkia. Hakujua ni kitu gani, wala hakujidai kujua. Juu ya mawingu yenyewe aliandika kwamba yanafanana na ule mkanda mweupe unaokata mbingu, na kwamba hata kwa darubini iliyo kubwa zaidi hakuona ndani yake sababu ya weupe huo. Kama angalitaka sifa, angaliweza kubuni maelezo mazuri, na hapana mtu ambaye angalimpinga. Aliandika alichokiona, akayaacha mengine kwa watakaokuja na macho bora.

Watu hao walikuja, lakini walichukua muda. Leo yajulikana kwamba lile wingu kubwa ni galaksi, yaani jamii kubwa ya nyota isiyo sehemu ya jamii yetu, bali jirani yake. Nuru yake husafiri miaka kama 160,000 hata kufika kwetu. Na lile doa hafifu la Lacaille ni mahali ambapo nyota huzaliwa. Ndani yake kimo kishada cha nyota changa, nyingine zikiwa na uzito wa jua letu mara mia na zaidi, nazo zimezungukwa na hewa na vumbi la mbinguni kwa upana wa mamia ya miaka ya mwendo wa nuru. Kama mahali pale pangalikuwa karibu nasi kama ulivyo ukungu wa kundi la Orioni, nuru yake ingalitosha kuweka kivuli cha mtu ardhini usiku.

Ukungu wa namna hii hung'aa kwa njia mbili. Hewa iliyo karibu na nyota zenye moto mwingi hupashwa na nuru yao hata ikatoa nuru yake yenyewe. Lakini vumbi halina nuru. Vumbi huonekana kwa sababu nyota huliangaza, kama vile mwali wa jua ukipenya tundu la paa la nyasi huonyesha chembe za vumbi zilizomo nyumbani, ambazo kabla ya hapo hapana aliyeziona. Tena chembe zikiwa ndogo sana hurudisha rangi ya buluu kuliko nyekundu. Ndiyo sababu hata moshi mwembamba wa kuni, ukiwa mbele ya kitu cheusi, huonekana una rangi ya buluu.

Jambo hilo lilijulikana kwa njia ya Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho kwa jina lake huwakumbusha watu kazi ya kulima. Kilimia kina ukungu mwembamba uliozizunguka nyota zake. Mwaka 1912 Mmarekani Vesto Slipher aliichambua nuru ya ukungu huo, akaona kwamba ni nuru ile ile ya nyota zilizo karibu nao. Ukungu ulikuwa umeiazima nuru ya wengine. Tangu hapo wataalamu wametafuta vumbi la jinsi hiyo mahali pengi, wakaliona hata kando ya vishada vya nyota changa katika galaksi za jirani, pamoja na hayo Mawingu ya Magellan. Ile aina ya tatu ya Lacaille, nyota zilizozungukwa na ukungu, haikuwa yote udanganyifu wa kioo chake kidogo, maana kwa kweli nyota huzaliwa katika hewa na vumbi, na zikiwa bado changa huonekana zimezungukwa na mabaki yake.

Lacaille alipochora ramani yake aliona kwamba sehemu nyingi za mbingu za kusini hazina majina. Akaunda makundi mapya 14 ya nyota. Wengine waliomtangulia walikuwa wameweka mbinguni majina ya wafalme ili wapendwe nao. Yeye hakuweka jina la mfalme wala jina lake mwenyewe. Alichagua vyombo vya watu wa kazi na wa elimu: Saa, Darubini, Bikari, Tanuru, na vingine kama hivyo. Kundi moja tu halikupewa jina la chombo. Juu ya mji wa Rasi upo mlima ambao kilele chake kimelala sawasawa, nao waitwa Mlima wa Meza. Mara nyingi wingu jeupe huufunika kama kitambaa kinavyofunika meza. Lacaille akalipa kundi moja jina la mlima huo, na sehemu ya lile wingu kubwa la Magellan imo katika kundi hilo. Hivyo mlima wa Afrika na wingu lake vimewekwa mbinguni.

Katika miezi ile ile alifanya kazi nyingine. Aliupima umbali wa mwezi kwa kushirikiana na kijana Lalande, aliyekuwa Berlin. Wote wawili waliutazama mwezi, mmoja akiwa kusini, mmoja kaskazini, na kwa tofauti ndogo ya mahali ulipoonekana kati ya nyota wakakata hesabu ya umbali wake.

Kisha mwaka 1752 akatoka mjini na kupima nchi kuelekea kaskazini, kama alivyofanya zamani Ufaransa. Hapo alipata jambo la ajabu. Vipimo vyake vilionyesha kwamba upande wa kusini wa dunia si sawa na upande wa kaskazini, bali umerefuka. Alirudia hesabu, asione kosa. Akaiandika kama ilivyokuwa. Wataalamu walihangaika nayo muda wa karibu miaka mia. Mwishowe, baada ya Maclear kuipima nchi ile upya katika miaka ya 1840, ilithibitika kwamba Lacaille alikuwa amepima kwa uangalifu, bali timazi yake ilivutwa. Milima mikubwa iliyo karibu na vituo vyake iliuvuta ule uzi kidogo sana upande wake, na kosa hilo dogo likaharibu umbo la dunia nzima. Kama angaliichezea hesabu ili ipatane na maneno ya wakubwa, kosa lingalifichika, na fundisho la milima lingalipotea pamoja nalo.

Mwezi wa Machi 1753 aliiacha Rasi, akaenda visiwa vya Bahari ya Hindi, yaani Morisi na Reunion, ambavyo Wafaransa walivitawala siku zile. Huko alikaa miezi mingi, akaichora ramani ya Morisi. Mwezi wa Juni 1754 akarudi Paris. Watu wengi walitamani kumwona, maana habari zake zilikuwa zimeenea. Yeye alijificha asitukuzwe, akarudi chuoni kufundisha. Alipotoa hesabu ya fedha za serikali, matumizi yake ya safari ya karibu miaka minne, pamoja na vyombo, hayakufika livre 10,000, na wenye kuipokea wakastaajabu kuona hesabu ndogo namna ile, tena imeandikwa hata senti ya mwisho.

Miaka iliyobaki aliitumia kwa kukata hesabu za zile nyota alizozipima. Alifanya kazi usiku na mchana, asiuhurumie mwili wake. Mwezi wa Machi 1762 alishikwa na ugonjwa, na tarehe 21 ya mwezi huo akafa mjini Paris, akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa. Alizikwa katika kanisa la chuo chake.

Kitabu chake cha nyota za kusini kilitoka mwaka uliofuata, 1763. Ndani yake mlikuwa na hesabu kamili za nyota 1,942 tu, maana hakupata muda wa kuzimaliza zote. Lakini vipimo vingine alikuwa ameviandika kwa usafi hata watu wengine waliweza kuvimaliza, na mwaka 1847 Waingereza wakachapa hesabu za karibu nyota zote 10,000. Ilikuwa miaka 85 baada ya kufa kwake.

Lacaille hakupata kujua maana ya lile doa jeupe aliloliona toka uani mwa nyumba ya Rasi. Hakujua kama ni mahali pa kuzaliwa nyota, wala kwamba nuru iliyoingia katika kioo chake siku ile ilikuwa imeanza safari kabla ya miji yote ya dunia kujengwa. Lakini waliokuja baadaye na darubini kubwa walijua mahali pa kuzielekeza, kwa sababu yeye alikuwa ameandika. Aliyaandika yote kwa mkono mmoja: kosa la bwana aliyemlisha, fedha ya serikali, nyota iliyo wazi, na ukungu asioufahamu. Elimu hujengwa na watu wa jinsi hiyo. Mmoja huacha alama ya kweli, na mwingine, ambaye hawatakutana kamwe, huanzia pale alipoishia mwenziwe.